Dizeli ya Kibwezi kwa Skeli ya Moja kwa Ishirini

Mji wa Kibwezi, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, una bahati ambayo miji mingi iliyouzidi kwa ukubwa haina: umepitiwa na reli mbili za upana tofauti. Ya zamani ni Reli ya Uganda, iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi Mei 1899. Upana wake ni mita moja kamili. Mpya ni SGR, yaani reli ya upana wa kawaida (standard gauge), iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, yenye upana wa milimita 1,435. Zote mbili ni za dizeli. Wenzetu wa Tanzania walianza kuendesha treni za umeme kwenye SGR yao mwaka 2024, na kijana wa Morogoro anayetaka kuunda mfano wa treni ya kwao sharti ahangaike na nguzo na nyaya za juu. Wa Kibwezi, Makindu au Mtito Andei hana taabu hiyo.

Taabu yake huanza anapotafuta cha kununua. Treni nyingi za mfano zinazouzwa duniani ni za Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani. Kwa upande wa SGR pana afadhali kidogo, kwa kuwa injini zetu zilitoka China, na kampuni ya Bachmann imewahi kuuza mfano wa DF11, jamii ileile inayovuta treni ya abiria ya Madaraka Express, kwa wapenzi wa treni wa China. Usikimbilie kuipaka rangi za Kenya kabla ya kulinganisha uso wake na picha ya injini halisi. Taa, madirisha na viungio hubadilika kulingana na mteja aliyeagiza. Lakini anayetaka dizeli ya reli ya zamani, ile iliyopita Kibwezi usiku ikivuta abiria wa Mombasa mpaka huduma hiyo ilipokoma mwaka 2017, ataijenga kwa mikono yake. Makala haya ni yake hasa.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja. Wajenzi wengi huanza na bodi: wanakata mabati, wanapaka rangi, wanaandika namba, halafu wanatafuta namna ya kuifanya itembee. Wanaishia na sanamu nzuri inayoteleza kwenye mteremko wa kwanza. Dizeli hujengwa kutoka kwenye magurudumu kwenda juu, na ukitaka kuiboresha unafuata njia hiyohiyo.

Kabla ya magurudumu kuna skeli. Watu wengi duniani hutumia 1:87, inayojulikana kama H0. Kwa skeli hiyo SGR inakuwa na upana wa milimita 16.5, ambao ndio upana wa reli iliyojaa madukani. Reli ya mita inakuwa milimita 11.5, na wajenzi huitumilia reli ya milimita 12, ile ile inayotumiwa na treni za skeli ya 1:120. Kwa hiyo mtu mwenye meza na pesa anaweza kuzilaza reli mbili za Kibwezi sambamba bila kubuni chochote. Kuna pia treni za bustanini. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilitoa treni za LGB zinazopita juu ya reli ya milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, upate 1,012.5: mita moja na chenji, upana wa reli nyingi za milimani Uswisi na wa reli yetu ya zamani. Mwenye ndugu Ulaya anayeweza kumtumia kifurushi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi nampendekezea mjenzi wa nyumbani skeli ya 1:20. Sababu kubwa ni rula. Mita moja ya reli inakuwa sentimita 5 kamili, na mita 1.8 za mlango wa dereva zinakuwa sentimita 9; hesabu zote unazifanya kwa mdomo huku mkono ukishika msumeno. Sababu ya pili ni kwamba skrubu, mota na betri zinazopatikana kwa mafundi wa redio na katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, zinaingia ndani ya mfano wa ukubwa huo bila kubanwa. Injini yenye urefu wa mita 17 itakuwa na sentimita 85. Haikai mezani, na reli yake huipati dukani. Hayo mawili nitayarudia.

Sasa chagua injini yenyewe. Dizeli kubwa za kwanza za njia kuu zilikuwa za English Electric ya Uingereza, zilizoanza kuja mwaka 1960 enzi za Reli za Afrika Mashariki. Wakati huo ziliitwa darasa la 90, na baadaye chini ya Kenya Railways zikawa darasa la 87. Ukizitazama kwa pembeni utaona kila bogi, yaani fremu ya chini inayobeba magurudumu, ina ekseli nne: tatu zenye mota, na moja ya mbele yenye magurudumu madogo yasiyoendeshwa. Ekseli hiyo ya ziada haikuwekwa kwa urembo. Reli nyepesi haiwezi kubeba uzito mkubwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo wahandisi waliugawa mzigo wa injini kwenye ekseli nane badala ya sita. Kwa mjenzi wa mfano hii ni kazi ngumu, maana kigurudumu cha mbele chepesi ndicho cha kwanza kuruka reli.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja za General Electric ya Marekani, aina ya U26C, ambazo Kenya Railways iliziita darasa la 93. Jina hilo la kiwandani linasomeka kama lebo: U ni ya jamii iliyotengenezwa kwa matumizi ya nchi yoyote, 26 ni nguvu ya farasi 2,600, na C inasema kila bogi ina ekseli tatu zinazoendeshwa. Bogi mbili, ekseli sita, zote za kazi. Bodi yake ni ya mraba mraba: chumba cha dereva, kisha boneti refu lenye milango ya karakana na feni, na vijia vya kupitia mafundi pembeni. Hakuna mikunjo ya kukunyima usingizi. Kwa mfano wa kwanza, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Hapa lazima tuingie ndani ya injini halisi, kwa sababu wengi hudhani dizeli huzungusha magurudumu kama lori. Sivyo. Ndani ya darasa la 93 kuna injini ya dizeli ya silinda 12 inayozungusha jenereta. Umeme wa jenereta unashuka kwa nyaya nene hadi kwenye mota sita, kila ekseli na mota yake, na mota hizo ndizo zinazovuta treni. Hakuna giyaboksi ya kubadilisha wala klachi. Dizeli yenyewe haijaunganishwa na gurudumu hata moja. Injini za SGR, DF8B na DF11, zinafuata kanuni hiyohiyo. Tofauti ni ukubwa, kwani dizeli zake zina silinda 16, kila moja na kipenyo cha milimita 280.

Ndiyo maana naipenda dizeli kuliko gari-moshi la mvuke kwa kazi hii. Wageni wengi wanaijua Kenya kwa Garratt za darasa la 59, yale majitu ya tani 252 yaliyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na mawili kati yake bado yamesimama kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Ni mazuri, sibishi. Lakini mfano wa Garratt unaoendeshwa na mota ya umeme ni uongo uliopakwa rangi nyeusi: pistoni na mikono yake zinasukumwa na magurudumu, badala ya kuyasukuma. Mfano wa dizeli unaacha nje jenereta na dizeli yake tu. Kutoka kwenye waya wa mota kwenda chini, mambo ni yaleyale ya injini kubwa.

Tuanze basi na gurudumu. Gurudumu la darasa la 93 lina kipenyo cha sentimita 92 hivi. Kwa 1:20 ni milimita 46. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza kipande cha alumini ya mviringo, umwambie mambo matatu. La kwanza, ukingo wa ndani unaolizuia gurudumu lisitoke nje ya reli uwe na kina cha milimita 3 na unene wa 1.5. La pili, pembe kati ya ukingo na uso wa gurudumu isiwe kali, iwe na mviringo mdogo, la sivyo gurudumu litapanda reli kwenye kona. La tatu ndilo mafundi hulipuuza: uso wa gurudumu usiwe bapa. Uwe na mteremko mdogo kuelekea nje, milimita moja kwa kila ishirini. Reli halisi zimefanya hivyo tangu zamani. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, hayawezi kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli inaposogea upande mmoja, gurudumu la upande huo hukanyaga reli kwa sehemu yake pana zaidi, husafiri mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na ekseli hujirudisha katikati yenyewe. Ukingo ni wa dharura. Mfano ambao magurudumu yake yanasugua kingo njia nzima utausikia ukilia kutoka chumba cha pili.

Kisha pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa reli ya milimita 50, kingo za milimita 1.5 kila upande na uhuru wa nusu milimita kila upande, nafasi hiyo ni 46. Kata kibao cha chuma cha upana huo hasa, ukiweke mfukoni, na kila ekseli ipite mtihani wa kibao hicho kabla haijaingia kwenye bogi. Ekseli moja yenye 45 na nyingine yenye 47 zitakusumbua mwaka mzima, na utalaumu reli bure.

Mota. Katika vifaa vya roboti vya wanafunzi kuna mota ndogo yenye giyaboksi ya plastiki ya manjano, ya volti 3 hadi 6, inayopunguza mwendo mara 48. Bei yake ni ya chini na ipo kila mahali. Kwa volti 6 shafti yake huzunguka karibu mara 200 kwa dakika. Tufanye hesabu: gurudumu la milimita 46 lina mzingo wa milimita 144 na nusu, mara 200 ni mita 29 kwa dakika, karibu nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 20 upate mwendo wa skeli: kilomita 35 kwa saa. Huo ni mwendo wa treni ya mizigo iliyojaa kwenye reli ya zamani ikipanda kutoka Mtito Andei. Hukuhitaji kununua giya hata moja. Kwa Madaraka Express, ambayo hufika kilomita 120 kwa saa, mota hiyo haifai kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na reli ya mita.

Weka mota mbili kwa kila bogi, kwenye ekseli ya kwanza na ya tatu. Ekseli ya katikati iache huru, na matundu yake kwenye fremu yawe marefu kidogo kwenda juu ili ipande na kushuka na reli bila kuwanyanyua wenzake. Mota zinazotazamana zitazungusha magurudumu kinyume ukiziunga waya kwa rangi moja, kwa hiyo geuza nyaya za moja. Lehemu kapasita ndogo ya 0.1 mikrofaradi kati ya vituo viwili vya kila mota. Bila hiyo, cheche za ndani ya mota zitaisumbua rimoti, na injini itasimama au kukimbia kwa hiari yake.

Sasa unganisha bogi na fremu, na hapa nataka tukae kidogo. Fremu ndefu iliyokaa juu ya bogi mbili ngumu haiwezi kuwa na magurudumu yote chini kwa wakati mmoja, maana hakuna reli ya nyumbani iliyonyooka kama kioo. Kigoda cha Kikamba kina miguu mitatu, na hakitikisiki hata ukikiweka juu ya mawe ya vilima vya Chyulu. Fanya vivyo hivyo. Bogi moja iwe na vipumzisho viwili, kushoto na kulia, hivyo iweze kugeuka kwenye kona na kuinama mbele na nyuma, lakini isilale ubavu. Ya pili ishikwe katikati kwa bolti moja yenye springi au raba, iweze kugeuka na kulala ubavu itakavyo. Pointi mbili huku, moja kule, jumla tatu. Badiliko hili la bolti na springi hufanya kazi kuliko mota ya bei ghali, na injini nyingi zinazosemekana kuwa na "mota dhaifu" kwa kweli zina gurudumu moja linaloning'inia hewani.

Uzito unafuata, na una kichekesho chake. Ukipunguza urefu mara 20, ujazo unapungua mara 8,000. Injini ya tani 100 ingekuwa na kilo 12 na nusu; mota zetu za plastiki hazitaki hata kusikia. Lakini kwa 1:87 tani hizohizo 100 zinakuwa gramu 152 tu, na mfano wowote wa H0 unaovuta vizuri una uzito zaidi ya mara mbili ya huo. Mifano midogo ni mizito kuliko inavyostahili, mikubwa ni miepesi. Usiifuate skeli kwenye mizani, fuata kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Gurudumu linavuta kwa msuguano, na msuguano wa chuma kikavu juu ya chuma ni kama robo ya uzito uliolalia magurudumu yanayoendeshwa. Tuchukue moja ya tano ili tusijidanganye. Injini ya kilo 3.2 itavuta kwa nguvu ya gramu 640. Behewa la kilo moja lenye ekseli safi linahitaji gramu 30 kwenye tambarare, na mteremko wa asilimia 2 unaongeza 20. Injini yenyewe inatumia 64 kujipandisha. Zinabaki 576, gawa kwa 50: mabehewa 11. Ukiyataka 15, ongeza uzito kabla ya kuongeza volti, maana volti zitazungusha magurudumu papo hapo yakipiga kelele. Ila kuna mpaka. Mota nne za manjano zikibebeshwa kupita kiasi hicho zitasaga meno ya plastiki. Ni afadhali magurudumu yateleze mzigo ukizidi kuliko yakwame mota ikiungua. Yaani uzito uwekwe chini kidogo ya uwezo wa mota. Reli kubwa nazo huishi kwa busara hiyo.

Uzito uuweke chini, kwenye tangi la mafuta lililo kati ya bogi. Vipande vya nondo vinatosha. Risasi za mizani ya magurudumu ya magari ni nzito zaidi, lakini risasi ni sumu, na mtoto asiishike.

Umeme kwenye reli au betri ndani ya injini? Kwa mifano ya H0 mezani umeme wa reli ndio desturi, na mfumo wa kidijitali wa DCC, uliotokana na kazi ya Lenz wa Ujerumani na kuwekewa viwango na chama cha NMRA cha Marekani katika miaka ya 1990, unaruhusu injini kadhaa kuendeshwa kila moja peke yake kwenye reli moja. Aliye na injini ya H0 iliyotumika anaweza kuiboresha kwa kuunga magurudumu yote yanyonye umeme badala ya ya bogi moja tu, na kwa kuisafishia reli mara kwa mara. Lakini tuzungumze ukweli: vumbi jekundu la Kibwezi likipanda na upepo wa Agosti, reli ya jana asubuhi haipitishi umeme leo. Kwa 1:20 nje ya nyumba, betri haina mshindani. Seli mbili za lithiamu zilizopangwa mfululizo hutoa volti 7.4, na zikijaa hufika 8.4. Kidhibiti cha mwendo kizipunguze zisivuke 6 kwa mota. Epuka kile kidhibiti maarufu cha L298N kilichojaa kwenye vifaa vya shule, kwa kuwa kinakula karibu volti mbili njiani na kuzigeuza joto. Aina za kisasa kama TB6612 ni ndogo na hazina uchoyo huo. Seli za lithiamu zisishuke chini ya volti 3 kila moja, na zichajiwe kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, mtu akiwepo. Seli iliyovimba haina matengenezo.

Sauti ni maboresho ambayo watu huyadhania ya mwisho, nami naona yanatangulia rangi. Kosa la kawaida ni kuifunga sauti kwenye mwendo, ikawa injini inanguruma zaidi kadiri inavyokwenda kasi, kama pikipiki. Dizeli ya reli haifanyi hivyo. Mkono wa dereva wa darasa la 93 una ngazi nane. Akisogeza kutoka ngazi ya kwanza hadi ya nne, dizeli inapanda mzunguko mara moja, jenereta inaongeza umeme, na treni yenye mabehewa mazito bado imesimama palepale. Kelele inatangulia, mwendo unakuja taratibu. Treni ikishapata kasi dereva anapunguza, dizeli inanyamaza karibu kabisa, na mabehewa yanakwenda kwa mwendo yaliokwisha kuupata. Kwa hiyo programu ya mfano iwe na namba mbili tofauti: ngazi ya dizeli inayochagua rekodi ya sauti, na mwendo wa mota unaoikimbilia ngazi hiyo polepole. Kikompyuta kidogo cha ESP32 na kichezeshi cha kadi ya kumbukumbu vinaweza hilo, na mwanafunzi wa sekondari anayejua kupanga programu ataliandika Jumamosi moja. Rekodi zichukue mwenyewe kwa simu, ukiwa nje ya uzio, na ukimwomba ruhusa askari wa stesheni kabla ya kumwelekezea simu yako.

Bodi sasa. Mabati membamba yanakunjika vizuri kwa boneti la mraba, na kulehemu kwa risasi kunashika. Njia ninayoipendelea ni bomba la maji la plastiki ngumu: lipasue kwa urefu, lizike ndani ya mchanga uliopashwa moto hadi lilegee, kisha lilaze chini ya ubao bapa wenye mawe juu. Unapata karatasi ya plastiki ya milimita 2 au 3 inayokatwa kwa kisu na kubandikwa kwa gundi ileile ya mabomba. Fanya nje, na usiunguze plastiki, moshi wake ni mbaya. Milango ya karakana ichore kwa kukwaruza na ncha ya msumari. Vishikio vya mkono ni waya wa shaba uliovuliwa ngozi. Watoto wa Ukambani walioanza maisha kwa kukunja magari ya waya hawahitaji kufundishwa sehemu hii.

Tahadhari kwa wale wenye marafiki wenye printa ya 3D. Plastiki ya kawaida ya printa hizo, PLA, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Iache kwenye dashibodi ya matatu iliyoegeshwa Kibwezi mchana wa Februari, au chini ya paa la mabati lisilo na dari, na boneti lako litainama kama mshumaa. Chapisha kwa PETG au ASA.

Rangi itengeneze chafu. Hakuna injini inayopita kati ya Mtito Andei na Emali ikabaki kama ilivyotoka kiwandani: bogi na tangi la mafuta hugeuka kuwa na rangi nyekundu, na paa karibu na bomba la moshi huwa jeusi. Chukua udongo wa mahali penyewe, ukaushe, uuponde, uupitishe kwenye soksi ya nailoni mpaka ubaki unga tu, kisha uupake kwa brashi laini juu ya vanishi isiyong'aa ambayo haijakauka kabisa. Hakuna kopo la rangi litakalokaribia wekundu huo, maana ndio wenyewe. Kwa nyasi za kando ya reli, wajenzi wa Ulaya hununua nyuzi za nailoni za bei kubwa. Kibwezi ina shamba la mkonge la Dwa. Kata kamba ya mkonge vipande vya sentimita mbili, vichemshe na majani ya chai, uvisimamishe kwenye gundi. Hiyo ni nyasi ya kiangazi cha Makueni.

Iliyobaki ni reli. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na vipande bapa vya milimita 12 kwa 3 wanavyovitupa au kuviuza kwa kilo. Visimamishe kwa ubavu ndani ya mikato ya msumeno kwenye mataruma ya mbao, na kibao cha milimita 50 kikupimie upana kila taruma la tatu. Kwenye kona ongeza nusu milimita, ili bogi ndefu ya ekseli tatu ipate pa kupinda. Alumini inatanuka kwa joto: mita kumi za reli zikipanda nyuzi joto 30 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana zinarefuka karibu milimita 7. Acha nafasi ya milimita moja na nusu kila baada ya mita mbili, la sivyo reli itajikunja kama nyoka kabla ya chakula cha mchana. Jioni ing'oe uiingize ndani. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu waliokuwa wakifungua hata nguzo za umeme. Reli yako ya mita kumi haiwezi kuwashinda.